Kisima cha Kidani

Kidani alipozaliwa mwaka 1982, mama yake alikuwa amekwisha kupoteza wawili. Wa kwanza alichukuliwa na simba hata kabla hajaweza kuutawala mkonga wake. Wa pili alipotea usiku wa risasi, kundi zima lilipokimbia kutoka bonde la mto Tarangire, na hakuonekana tena. Huyu wa tatu mama alimkinga chini ya tumbo lake, akawaambia dada zake, "Huyu ndiye kidani changu. Haguswi."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu wenye umri wa kubisha hawakuwapo. Majangili wa miaka ile walichagua wenye pembe ndefu, na wenye pembe ndefu ni wazee. Waliondoka na bibi, mama wakubwa, na madume yaliyojua kila njia ya maji kuanzia Simanjiro hadi Manyara. Mwaka 1989, serikali ya Tanzania ilipoanzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili na biashara ya pembe ikapigwa marufuku duniani, kundi la Mama Kidani lilikuwa limebaki na mama vijana, wakilea kwa kubahatisha. Yote nitakayosimulia juu ya kijana huyu, naomba yasomwe huku wale waliopigwa risasi wakikumbukwa.

Tembo hula tangu alfajiri hadi usiku. Mkubwa humaliza hata kilo 150 za nyasi, magome na mizizi kwa siku, na kazi ya kuvipata ndiyo shule ya ndama: kung'oa shina la nyasi kwa ncha ya mguu, kulikung'uta udongo, kuvunja tawi la mgunga bila kuchomwa miiba. Kidani hakwenda shule hiyo. Mama yake alimvunjia matawi, akamchubulia magome ya mbuyu, akamwekea mbele. Ndama wengine waliposogea aliwarudisha nyuma kwa paji la uso, bila kuwaumiza, lakini wakaelewa. "Mwacheni ale, mwenzenu amezaliwa katika shida," alisema, ingawa wote walizaliwa katika shida ileile.

Mama wadogo waliona. Mama Chiku alinyamaza kwa sababu Mama Kidani ndiye aliyekuwa kiongozi, na kugombana na kiongozi kunachosha. Mama Tatu alinyamaza kwa sababu alitamani wake naye siku moja adekezwe vivyo hivyo. Wengine walisema, tena walisema sana, ila walisemea pembeni, kwa wasiohusika. Kidani akafika miaka minane bila kusikia neno "hapana" kutoka kinywa cha mkubwa yeyote. Aliyoyasikia yote yalikuwa sifa, na sifa zilikuwa na wenyewe.

Wenyewe ni yangeyange. Ndege hao weupe hutembea kando ya miguu ya tembo kwa sababu kila akikanyaga nyasi panzi huruka, na panzi ndio riziki yao. "Tazameni mguu huo!" waliimba. "Ukikanyaga, nchi inatoa baraka! Nani mwingine kama wewe?" Kidani akajaribu kukanyaga kwa nguvu zaidi, wakasifu zaidi. Hakuna hata mmoja aliyemdanganya kwa nia mbaya. Walikuwa wanakula tu.

Kisha yakaja magari ya watalii. Siku moja Kidani alitanua masikio, akapiga hatua tatu mbele, akatoa mlio. Ndani ya gari watu walipiga kelele, kamera zikalia, dereva akawasha injini akaondoka. Baada ya muda gari likarudi. Hilo la kurudi ndilo lililomlevya. Kesho yake alisimama palepale, chini ya mbuyu ulio karibu na barabara, akangoja. Yangeyange wakajipa kazi ya kuhesabu. "Leo magari saba! Jana yalikuwa matano! Yule nyati wa pale chini hata moja halijasimama!" Nyasi za chini ya mbuyu ule zilikuwa zimekwisha zamani, lakini Kidani hakuweza kuondoka kwenda kula, maana huenda gari likapita akiwa hayupo. Kwa hiyo mama yake alimletea matawi hapohapo, akirudi na kwenda mchana kutwa.

Nawasikia watu wazima wakiwacheka vijana wanaohesabu waliowatazama. Sioni cha kucheka. Kijana akilipata jicho la mgeni kwa urahisi kuliko jicho la baba yake, atakwenda kwa mgeni, na atafanya chochote ili mgeni asiondoke.

Jicho la baba, au la yeyote mwenye umri wa baba, Kidani alilipata mara moja tu. Kwenye kinamasi cha Silale aliishi dume mzee, Mzee Pembemoja, mmoja wa wachache walioponea chupuchupu. Mwaka 1991 Kidani, akiwa na miaka tisa, alimkuta anakunywa maji, akapenya mbele yake, akaanza kunywa. Mzee alimwekea mkonga begani akamrudisha nyuma. Kidani akapiga magoti kwenye matope, akalia kilio kilichosikika hadi barabarani.

Mama yake alifika mbio, na mama wadogo wote nyuma yake.

"Nani amekuruhusu kumgusa mwanangu?"

"Amenisukuma nikinywa, mama."

"Huyu ni mtoto!"

"Naliona hilo. Ndiyo maana sikutumia pembe."

Walimzunguka, wakampigia kelele mpaka akatoka majini kabla kiu haijamwisha. Mama Kidani akapiga marufuku mwanawe kukanyaga Silale tena. Yangeyange wakalieneza neno "katili" kila lilipofika bawa, na muda si mrefu hakuna kijana aliyemwamkia mzee yule. Yeye akaendelea kunywa mahali pake, lakini hakumgusa tena mtoto wa mtu. Madume wadogo waliokuwa wakipenyapenya pale kinamasini hawakurudishwa tena nyuma na yeyote. Siku ile Mama Kidani alidhani amemwokoa mmoja. Aliwanyang'anya wote mwalimu waliyekuwa wamebakiwa naye.

Katika kundi la Mama Kidani alikuwamo pia Bibi Kibogoyo. Alifika peke yake mwaka 1988 kutoka kusini mwa bonde, baada ya jamaa zake wote kuuawa. Yeye aliachwa kwa sababu alizaliwa bila pembe, na majangili hawakuwa na haja naye. Walimpokea kwa huruma, wakampa nafasi ya mwisho katika msafara. Vijana hawakumwamkia. "Asiye na pembe atatuambia nini?" alisema Kidani, na mama yake, aliyekuwa karibu, akajifanya anatafuna.

Mwaka 1993 mvua zilikatika. Kiangazi kilipokaza, mto Tarangire ulizama chini ya mchanga wake, na tembo wakaanza kuchimba, kama ilivyo desturi yao. Kisima cha mchangani ni shimo tu, lenye upana wa kuingiza mkonga, na maji yake huchuja taratibu. Mkonga wa mkubwa hubeba kama lita 8. Mama anayenyonyesha anaweza kuhitaji hata lita 150 kwa siku. Kwa hiyo anayekunywa hunywa, husogea, hungoja shimo lijae, na mwingine akaingia. Tembo wakitosheka, pundamilia na nyani huja kumalizia. Uhai wa kiangazi chote katika bonde lile unategemea zamu.

Kidani hakujua kuchimba, basi mama yake alimchimbia. Alichimba tangu alfajiri, akaondoa mchanga mpaka maji yakaonekana chini, meusi na baridi. Akamwambia, "Haya, chako hicho." Kidani akasimama juu yake, mguu mmoja huku na mmoja huku, na hakuondoka. Alikunywa akashiba, akabaki amesimama. Usiku alisinzia hapohapo. Nyani walipokuja aliwafukuza. Pundamilia walingoja kwa mbali mpaka wakakata tamaa.

Bibi Kibogoyo akasogea mbele ya msafara, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Ukame wa mwaka 1958 ulinikuta nina miaka kumi," akasema. "Ulikaa hadi 1961. Mama yangu hakuungoja mto. Alitutoa nje ya nchi hii, tukatembea usiku, akatufikisha penye majani na maji. Njia naikumbuka. Tuondoke leo."

"Huko magari yanafika?" Kidani akauliza kutoka kisimani.

"Hayafiki."

"Basi mimi siendi."

Wote wakamtazama mama yake. Mama Kidani akatazama vumbi. "Mwanangu hawezi kutembea mbali," akasema, juu ya kijana wa miaka kumi na moja ambaye bega lake lilikuwa limekaribia kulingana na la mama yake.

Nusu ya kundi iliondoka na Bibi usiku ule. Nusu ilibaki. Mama Chiku alibaki kwa kumwogopa dada yake, na alikuwa na binti wa miezi kumi, Chiku.

Wabaya katika habari hii ni wachache mno, na ndiyo sababu inauma. Mama Chiku hakuwa na nguvu za kuchimba kisima kirefu. Alichimba kifupi, kikatoa matone, kikakauka. Maziwa yakaanza kupungua. Siku ya tatu akaja kwa Kidani, mtoto ubavuni.

"Mwanangu Kidani, nipishe kidogo. Mikonga miwili tu, nipate maziwa ya mdogo wako."

"Naona bado yanajaa, mama mdogo. Ukiingiza mkonga sasa utayachafua."

"Umekunywa tangu asubuhi."

"Sasa nikisikia kiu baadaye?"

Hakulisema kwa ukali. Aliuliza kweli, kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyemwonyesha kwamba kiu ya mwingine ni kiu. Mama Chiku akamtazama dada yake, dada yake akawa anachubua mbuyu. Wakubwa walipokuwa wakitazamana hivyo, Chiku alijipenyeza, akaweka mguu kwenye ukingo wa kisima. Mchanga ukaporomoka ndani. Kidani akamrudisha nyuma kwa paji la uso, bila kumuumiza, vilevile kama alivyomwona mama yake akiwafanyia ndama wengine tangu alipozaliwa.

Chiku alikufa siku chache baadaye, chini ya mgunga usio na majani. Mama yake alisimama juu yake tangu usiku, akamfunika kwa matawi makavu. Asubuhi yakaja magari, manne kwa mpigo, yakasimama, kamera zote zikamwelekea ndama aliyelala. Hata moja haikumwelekea Kidani. Akatanua masikio. Akapiga hatua tatu. Akatoa mlio wake. Hawakugeuka. Kisha akafanya jambo ambalo ndugu zake hawakulisahau: akatembea, akaenda kusimama katikati, kati ya magari na maiti, akageuza ubavu ili pembe zake nzuri zionekane. Mwanamke mmoja ndani ya gari akampungia mkono asogee, anaziba.

Akageuka kuwatafuta yangeyange wamwambie imekuwaje. Walikuwa wamehama siku nyingi. Nyasi za bonde zilikuwa zimekwisha, na panzi pamoja nazo, nao waliufuata mguu mwingine: ng'ombe wa Wamasai, mbali huko kwenye majani. Yawezekana waliwaimbia ng'ombe wimbo uleule.

Chiku hakufa peke yake mwaka ule. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo wa Tarangire waliandika kwamba katika miezi tisa ndama 16 kati ya 81 walikufa, wakati miaka ya kawaida hufa kama wawili katika kila mia. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi yalipoteza ndama wachache kuliko lililobaki, na yaliyotoka yalikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Hivyo ndivyo lilivyorudi na kundi la Bibi Kibogoyo mvua zilipofika: wamekonda, lakini ndama wao wapo, wanachezea matope.

Baraza likaitishwa, na wote walikuwa na la kusema juu ya Kidani. Vijana wa siku hizi! Hawana haya, hawana utu, hawaoni mbali kuliko pua zao! Mama Tatu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Bibi Kibogoyo aliwaacha mpaka wakachoka.

"Kisima kile alikichimba nani?"

Kimya.

"Mimi," akasema Mama Kidani.

"Ulipomaliza ulimwambia ni cha nani?"

"Chake."

Bibi akawageukia mama wadogo. "Siku alipomsukuma ndama wa kwanza mlikuja kuniambia mimi, mgeni, mwenye nafasi ya mwisho. Yeye mlimwambia nini?"

Hapo Kidani akainua kichwa. "Mnasikia? Kumbe kosa si langu."

"Chiku alikuwa mbele ya macho yako," Bibi akamwambia. "Alikuwa anakutazama. Macho hayo hukuazimwa na mama yako. Na wewe utajibu."

Mama Kidani ndipo alipolia. "Nilipoteza wawili, Bibi. Ulitaka nifanyeje?"

"Mimi nilipoteza wote," akasema Bibi Kibogoyo, na hakuongeza neno.

Naamini mama yule alikuwa na haki ya uchungu wake. Mzazi aliyepita katika njaa, vita au msiba huapa kwamba mwanawe hatayaona aliyoyaona yeye, na kiapo hicho ni cha upendo. Ubaya unaingia mtoto anapokingwa na kila kitu, hata na kazi, hata na zamu, hata na sura ya mwenzake anayelia. Anayekingwa hivyo anafungiwa ndani ya nafsi yake na watu wampendao, kisha akikua wanamlaumu kwamba hatoki.

Hukumu ilikuwa ndogo. Kidani anywe baada ya ndama mdogo kuliko wote. Achimbe mwenyewe. Katika safari akae nyuma, na wanaochechemea. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Visima vyake vilibomoka, akavipiga teke, akasusa kunywa siku nzima ili waone. Mama yake alisimama mbali, tawi la mgunga limening'inia mkongani, amelivunja kwa mazoea na hajui alipeleke wapi. Mara mbili alipiga hatua kumfuata. Mara mbili Bibi alikuja mbele yake, akasimama tu, mpaka akalitupa.

Mwaka 1996, Kidani akiwa na miaka kumi na minne, umri ambao dume huliacha kundi la mama yake, Bibi na Mama Kidani walimsindikiza hadi Silale. Mzee Pembemoja aliwatazama kwa muda mrefu.

"Nikimgusa mtakuja tena?"

"Hatutakuja," akasema Mama Kidani, na sauti yake haikuwa thabiti sana.

Mzee hakuhubiri. Alikunywa kwanza, kijana akangoja. Akisogea kabla ya wakati, mzee aligeuza kichwa, na mara nyingi kugeuza kichwa kulitosha. Alimwonyesha mizizi inayoliwa mwisho wa kiangazi. Alimpeleka kwa madume wengine wadogo, ambao nao hawakuwa na baba, akawafundisha kupishana njiani bila kupigana. Kidani hakugeuka malaika. Gari likisimama bado masikio yalimwasha. Lakini siku moja ya kiangazi alionekana amemaliza kunywa, amesogea hatua kadhaa, amempa kisima mgongo, huku pundamilia wakiinamisha vichwa nyuma yake.

Machi 1999 korongo walipita Tarangire wakirudi Ulaya kutoka kusini, na wakashuka kupumzika. Mmoja akasimulia aliyoyasikia Pilanesberg, Afrika Kusini. Huko waliletwa ndama wengi waliotolewa hifadhi ya Kruger baada ya wakubwa wao kupigwa risasi ili kupunguza idadi. Waliachwa wajilee wenyewe. Madume yalipofikia ujana yaliingia katika wazimu wa kupanda mapema mno, na tangu mwaka 1992 hadi 1997 yaliua vifaru zaidi ya 40.

"Wangemalizwa wote kwa risasi!" akasema Mama Tatu.

"Walianza na risasi," korongo akajibu. "Kilichokomesha ni madume sita wakubwa walioletwa kutoka Kruger mwaka jana. Wazee wale walipoanza kutembea kati yao, vijana wakatulia."

Mama Kidani akauliza waliletwaje.

"Kwa malori."

Akakaa na neno hilo. "Wazee wamepakiwa kwenye malori," akasema, "kupelekewa watoto wa wengine. Mimi mzee nilikuwa naye Silale, mwendo wa asubuhi moja, na miaka mitano nilimzuia mwanangu asimfikie."

Mama Tatu akaanza kueleza kwamba yule mzee naye siku ile alizidi ukali. Mama Kidani hakumngoja amalize. Alimwamsha mdogo wake Kidani, mwenye miaka mitatu, akamgusa mguu atangulie njia ya Silale. Penye mgunga wa kwanza ndama alisimama akanyoosha mkonga avunjiwe tawi. Mama akapita. Ndama akaangua kilio, akalia njia nzima, tena kwa hasira, mpaka njaa ilipomshinda akaanza kuvuta tawi moja la chini kwa nguvu zake mwenyewe.